Figo Niliyotaka Kukupa

Mdogo wangu Mtungi,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye kiti chako cha dirishani, miguu imeinuliwa juu ya stuli kama wauguzi walivyoagiza, na siyo uani ukizozana na vijana wako wa gereji. Je, uvimbe wa miguu umepungua? Na kichefuchefu cha asubuhi? Nijibu kwa ukweli, maana ukiulizwa kwa simu husema u mzima kama chuma, na chuma, kama unavyojua kuliko mimi, hushika kutu. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Magoti yangu hunung'unika ninapopanda ngazi, lakini hunung'unika na kufika. Shemeji yako anakusalimu sana. Bado anasoma gazeti kwa sauti kubwa, kana kwamba sisi wengine humu ndani tumepofuka.

Nimechagua kuandika kwa sababu simu yako haina adabu. Kila nikikaribia jambo lenyewe, wewe hutia mzaha, na nikisisitiza, mtandao hukatika ghafla. Karatasi haikatiki. Nakuomba uisome polepole, kwa mpangilio nilioufuata.

Mwezi uliopita ulimtuma wifi yangu aniletee neno. Alikaa sebuleni kwangu, akaikataa chai, akaikataa tena, akaikubali, ndipo akaanza kusema. Alisema madaktari wamekueleza kwamba figo zako zimechoka kabisa, kwamba mashine ya kusafisha damu itakushikilia lakini haitakuponya, na kwamba lililo bora ni kupata figo ya ndugu. Alisema pia kwamba binti yako, fundi wetu wa kuchomelea, alikwisha kwenda kupimwa bila kumwuliza mtu, na damu zenu zimekubaliana, nawe umekataa katakata. Ulisema mtoto hapasuliwi kwa ajili ya baba. Hajaolewa, hajazaa, na kazi yake ni kunyanyua vyuma. Ukasema kama ni lazima, basi figo itoke kwa dada yako. Hapo wifi alisita. Nikambana, akayatoa maneno yako yaliyobaki: eti spea hainyofolewi kwenye gari jipya, hunyofolewa kwenye lile ambalo tayari limekaa juu ya mawe.

Nilicheka mpaka shemeji yako akashusha gazeti. Kisha niliingia chumbani nikalia kidogo, kwa sababu katika maisha yetu yote hukuwahi kuniomba kitu. Kesho yake nilikwenda hospitali.

Nitakueleza yaliyotokea huko. Lakini niruhusu kwanza nikurudishe nyumbani kidogo, maana tangu nianze kupimwa, kila nikilala naliona ghala la ngozi.

Unalikumbuka? Mlango wake wa mabati ulikuwa mzito, ukiusukuma ulilia kama mgonjwa wa meno. Ndani mlikuwa na giza na baridi, na harufu ambayo wageni waliikimbia na sisi hatukuisikia kabisa, kwa kuwa ndiyo iliyotulisha. Baba alizipokea ngozi mbichi kutoka kwa wachinjaji, akazitandaza sakafuni, akazikwangua mafuta na minofu, kisha akazimwagia chumvi ya mawe kwa viganja vyote viwili, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto blanketi. Ngozi juu ya ngozi, chumvi juu ya chumvi. Baada ya muda rundo lilianza kutoa maji lenyewe. Maji yalichuruzika mpaka mferejini, na sisi tulichuchumaa tukiyatazama, tukishangaa yametoka wapi, wakati hakuna aliyemwaga hata kikombe. Baba alisema chumvi ikitangulia, maji hufuata. Hakuwa na maelezo zaidi ya hayo, wala sisi hatukuyadai.

Mbuzi wa jirani walikuwa wakija kulamba ule mfereji. Walilamba wakafumba macho kwa utamu, halafu wote kwa pamoja walikimbilia bombani, na jirani akaja kumlalamikia mama kwamba tunawalevya mbuzi wake. Nawe hukuwa bora kuliko mbuzi. Mlikuwa na mchezo wenu wa kipuuzi, wewe na watoto wa wachinjaji, wa kushindana nani atakaa na punje ya chumvi mdomoni muda mrefu zaidi. Ulishinda kila mara. Kisha ulikuja nyumbani mbio, ukautumbukiza uso wako mzima kwenye mtungi wa maji wa mama, ukanywa mpaka tumbo likatoa sauti. Mama alikuwa akisema kwamba katika nyumba hii kuna mitungi miwili, mmoja wa udongo na mmoja wa nyama, na wa nyama ndio unaovuja. Jina likakuganda. Mke wako mwenyewe alikujua kwa Mtungi kabla hajakujua kwa jina lako.

Nakumbuka na siku ya samaki wako. Ulikuwa umemkamata kijitoni, mdogo kama kidole, ukamleta ndani ya kopo ukimsemesha njia nzima. Ulikuwa umesikia kwamba maji ya bahari ni ya chumvi na samaki wa huko ni wakubwa kama milango. Ukapiga hesabu zako: ikiwa chumvi ndiyo inayowakuza, na baba ana pipa zima la maji ya chumvi nyuma ya ghala, kwa nini huyu asikue? Ukamtia. Ukaleta na kigoda, ukaketi kumsubiri anenepe. Alipopinduka tumbo juu, ulinivuta mkono, ukaniuliza inawezekanaje samaki afe na maji yamemzunguka pande zote. Alikuwa amesinyaa, macho yameingia ndani. Tulimpeleka kwa baba. Baba alipoulizwa alimtazama samaki, akatazama rundo la ngozi, akasema labda chumvi imemfanya kama inavyozifanya ngozi. Ulimzika kwa heshima, ukagoma kula.

Swali lako lilinisumbua kuliko lilivyokusumbua wewe, maana wewe kesho yake ulikuwa umeshahamia kwenye baiskeli. Nililibeba mpaka chuo cha ualimu, na huko ndiko nilikolipatia jibu: samaki wako alikufa kwa kiu. Mwili wa samaki wa mtoni una chumvi nyingi kuliko maji anamoishi, kwa hiyo maji humwingia mchana na usiku, na kazi ya figo zake ni kuyatoa tu, mkojo mwingi na mwepesi, karibu maji matupu. Yeye hana haja ya kunywa. Samaki wa baharini mambo yake ni kinyume. Bahari ina chumvi kumzidi, humnyang'anya maji, naye inambidi anywe kutwa na kuitupa ile chumvi kupitia mashavu yake ya kupumulia. Ulimchukua kiumbe aliyeumbwa kutoa maji ukamweka mahali panapotaka kiumbe wa kuyashika. Nilikuandikia haya yote kwenye barua ndefu. Ulinijibu kwa mstari mmoja, kwamba sasa unajifunza kuziba rejeta za magari, na rejeta ikivuja nawe unajua kwa nini.

Nilifundisha somo hilo mpaka nilipostaafu, na kila mwaka nililingoja kama wengine wanavyongoja likizo. Nililianzia kwa ndege wa baharini, ambaye hunywa maji ya chumvi bila kudhurika, kisha chumvi humtoka puani matone matone, kama mtoto mwenye mafua. Nikaja kwa panya wa jangwani, asiyekunywa maji tangu kuzaliwa mpaka kufa, hupata unyevu wake katika mbegu kavu, na figo zake hukamua mkojo mpaka ukabaki tone zito. Mwisho nilikuja kwa binadamu. Wanafunzi walipenda kusema figo ni chujio, nami nilikuwa nawakatalia, kama nilivyokukatalia wewe uliposema ni rejeta. Chujio hukaa tu, vitu vikapita. Figo huamua. Ni kama mwanamke anayetoa vyombo vyote kabatini akavimwaga uani, kisha anavirudisha kimoja kimoja, hiki nakitaka, hiki nakitaka, hiki basi. Maji karibu yote huyarudisha. Chumvi huirudisha kwa kipimo cha siku hiyo: ukila ya kuzidi huitupa, ukitoka jasho juani huing'ang'ania. Kabati lote hilo hulitoa na kulirudisha mara nyingi kwa siku, nawe umelala, au unazozana na vijana wa gereji.

Ndiyo maana roho iliniuma sana nilipokutembelea mara ya mwisho. Nilikuona ukiwekewa maji ya siku nzima kwenye kijikombe, wewe, Mtungi, ukiyazungusha mdomoni kabla ya kumeza. Wifi aliniambia ukiwa peke yako unafungua bomba ukalisikiliza tu. Sikukwambia kwamba najua.

Haya, sasa hospitali.

Binti yako alifuatana nami kila siku. Alikuja na buti zake za kazi na mikono yake yenye vidonda vya cheche, akashika mkoba wangu kama kijana wa hoteli. Daktari wa figo ni kijana, ana masikio makubwa na subira kubwa zaidi. Aliniuliza nina umri gani, nikamwambia, akasema umri peke yake si kizuizi. Alinipima damu, ikakubaliana na yako. Presha ikawa nzuri, moyo mzuri, sukari nzuri. Muuguzi alisema nikiendelea hivi wataniajiri.

Kisha wakanipa dumu nikusanye mkojo wa kutwa kucha. Nilikusanya, kwa utaratibu, na siku ya kuurudisha nikalitia dumu ndani ya kapu nikalifunika kitambaa. Karibu na geti la hospitali nikakutana na mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni meneja wa benki, amevaa suti. Alisema haiwezekani mwalimu wake abebe kapu na yeye ana mikono. Nilikataa kwa upole, nikakataa kwa ukali, hakusikia. Alilibeba mpaka maabara, akalisifia kwamba lina uzito wa haki, akauliza kama ni asali. Binti yako alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanacheka. Nilimjibu kwamba si asali, ila ni mali yangu mwenyewe ya nyumbani. Alinitakia biashara njema.

Majibu ya mkojo huo nayo yalikuwa mazuri. Daktari alisema figo zangu zinafanya kazi vizuri kuliko za watu wengi wa umri wangu. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyefaulu mtihani, na nitakiri kwamba nilijisikia fahari. Nilikuwa nimeshapanga nguo za kulazwa. Nilikuwa nimeshamwelekeza shemeji yako mahali pa mchele. Nilijiona nimekuletea jibu, mara hii si kwa barua, bali ndani ya mwili wangu.

Kilikuwa kimebaki kipimo kimoja tu, picha ya ultrasaundi, ili wapasuaji wachague ni figo ipi itatoka. Nililala kitandani, mpiga picha akanipaka mafuta ya baridi ubavuni, akapitisha kile chombo upande wa kushoto, akaandika. Akahamia kulia. Akapitisha, akarudi, akapitisha tena. Aliniomba nigeuke, nivute pumzi, niishikilie. Kwanza alikuwa ananisimulia habari za mwanawe anayeota meno, sasa akaikazia macho skrini. Aliniuliza kama nimewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Nikasema sijawahi. Akaniuliza kama nina hakika. Nilimwambia kijana, upasuaji si mwavuli, mtu hausahau. Akatoka kumwita daktari.

Mdogo wangu, nina figo moja. Ya kulia haipo. Haikutolewa wala haikuugua, haikuwahi kuwapo. Nilizaliwa hivyo, na wala mama hakujua, wala mimi, wala mkunga yeyote kati ya wale walioshika tumbo langu. Daktari alisema watu wa namna hii si adimu sana, na wengi huzikwa bila kujua. Ile ya kushoto ilijua mapema kwamba iko peke yake, ikakua kuliko kawaida, ikafanya kazi ya mbili. Ndiyo iliyotoa majibu yale mazuri.

Kwa hiyo siwezi kukupa. Nilimwuliza daktari mara nyingi, kwa maneno tofauti, na kijana wa watu alinijibu kila mara kwa upole uleule kwamba moja ukitoa moja hakibaki kitu. Nilikaa kwenye benchi la korido na kapu langu tupu. Nilikuwa nimekwisha kukupa moyoni, Mtungi, na nilikuwa nanyang'anywa.

Binti yako ndiye aliyeanza kusema. Hakunibembeleza, tabia hiyo ameirithi kwako. Aliniuliza nimezaa watoto wangapi. Nikamwambia ajue kuhesabu binamu zake mwenyewe. Akasema watatu, basi, na figo moja. Akaniuliza nilisimama ubaoni miaka mingapi, nilibeba ndoo ngapi za maji tulipokuwa hatuna bomba, nani alimshika kwa pembe fahali wa jirani siku alipokata kamba. Kila nilipojibu alitikisa kichwa polepole. Kisha akasema shangazi, baba ananikataza nisiishi kama ulivyoishi wewe, na hajui kwamba ndivyo ulivyoishi.

Niliinuka, nikalichukua kapu. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikupata mwanafunzi aliyenifunga mdomo hivyo.

Tulirudi kwa daktari pamoja, nikamwuliza waziwazi, kama mwalimu anayetahini. Sitakuficha alichosema. Alisema hakuna kisu kisicho na hatari, na anayesema hakuna hatari ni mwongo. Alisema mtu aliyezaliwa na figo moja si sawasawa na aliyetolewa moja akiwa mtu mzima, lakini hata huyu wa pili, ile inayobaki hukua na kuongeza kazi. Na wengi sana huishi umri wao wote, hufanya kazi, wanawake huzaa, mradi wapimwe presha kila mwaka, wasimeze dawa za maumivu ovyo, na mimba zao ziangaliwe kwa makini. Alisema wamempima binti yako kila kitu, na anazo mbili, kamili, zenye afya. Uamuzi, alisema, ni wake yeye na wako wewe, si wa mtu mwingine. Nilipenda alivyosema hivyo, ingawa yaliniondoa mimi.

Nitasema neno langu moja la dada mkubwa, nawe unajua sina desturi ya kurudia. Ulipomfundisha mtoto huyu kuchomelea, watu walikuja kukulaumu, wakasema msichana ataungua, atapofuka, hataolewa. Uliwajibu kwamba mikono ni yake. Ulimwachia moto, chuma na mitungi ya gesi, ukalala usingizi. Leo anakuletea kitu kilicho chake kuliko mikono, nawe unamwambia si mali yake. Alinieleza pale koridoni kwamba hataki kubaki na figo mbili na kaburi la kupalilia. Hayo ni maneno yake. Nimeyaandika kama alivyoyasema, ingawa si namna ambavyo mimi ningeyaandika.

Usinisikitikie. Daktari amenipangia kuja kupimwa, na amenionya kuhusu chumvi, mimi, niliyekulia juu ya magunia ya chumvi. Gari lenu lililokaa juu ya mawe litaendelea kukaa. Nakusikitikia wewe tu, kwa kuwa mlango uliouchagua umefungwa, na uliobaki ni ule ulioupa kisogo.

Msalimie wifi yangu, mwambie siku nyingine chai aikubali mapema, inapoa. Wasalimie vijana wa gereji, waambie wakuache upumzike. Shemeji yako anasema ukipona mtamalizia ubishi wenu wa mpira. Watoto wote wanakusalimu, na mkubwa anakuja kukuona Jumamosi. Mungu akutunze, akupe usingizi na moyo laini.

Barua hii sikuituma kwa posta. Ameileta binti yako, na sasa hivi, unapoisoma, ameketi mbele yako. Anajua kila kilichoandikwa humu. Nimemwomba anyamaze mpaka umalize, na kwake hiyo ni kazi kubwa kuliko kuchomelea geti la ghala. Usinijibu mimi. Weka karatasi chini, umtazame, umjibu yeye.

Ni mimi nikupendaye,

Dada yako